Sura ya Saba: Mashine Chini ya Meza ya Kukatia

Inspekta alichuchumaa kando ya maiti. Kichwa alikiacha, akaangalia mkono.

Kichwa kilikuwa kimeshasema yote. Kilipigwa nondo mara nne au tano kisogoni, kikapasuka, na damu ikaruka ukutani hadi kwenye picha za ndege mnene mweusi na mweupe ambazo marehemu alizibandika kila mahali. Ndege huyo ni alama ya Linux, mfumo wa kompyuta ambao haumilikiwi na mtu na yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuukagua ndani. Marehemu hakutaka kusikia habari za mfumo mwingine. Ndiyo maana kiwanda kizima cha uchapaji kilimwita Pengwini, jina la ndege huyo, na mwaka wa saba sasa ndiye aliyetunza kompyuta zao zote.

Mkono wa kulia ndio uliokuwa na jipya. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete vilikuwa vimepindwa kinyumenyume, kimoja kimoja, mpaka vikavunjika.

"Afande, hii imeisha," alisema Sajini kutoka mlangoni. "Mtu tunaye. Anaitwa Baba Pacha, fundi wa kuchomelea vyuma mtaa wa nyuma. Ameingia hapa saa sita mchana, nondo mkononi, matusi mdomoni. Mlinzi amemwona, wapiga chapa wamemwona. Tumemkuta kwake, shati lina damu."

"Sababu?"

"Mke wake, Mama Pacha. Alikuwa mkata karatasi hapa. Siku kumi na moja zilizopita alikuwa anapanga karatasi chini ya kisu cha mashine, kisu kikashuka, kikaondoka na mkono wa kulia. Hapa, kwenye kifundo. Watu wote wanasema kompyuta inayoendesha kisu ilijiwasha yenyewe. Na aliyeiweka ni huyu."

Inspekta alisimama. Skrini ilikuwa imetobolewa, boksi la kompyuta limebonyea, kibodi imevunjika vipande vitatu. Aliokota kipande kimoja kwa mkono wenye glavu, akakisogeza dirishani. Baadhi ya herufi zilikuwa na alama ya damu, kila moja na doa lake la duara. Kati ya herufi na herufi palikuwa pasafi.

"Nijaribu kuiwasha, afande? Pengine bado nzima."

"Usiiguse! Kama kuna mtu amefuta kitu humo, ukiiwasha tu itaanza kuandika mapya juu ya yaliyofutwa. Hapo hata mtaalamu hatayarudisha." Alimwonyesha kipande. "Damu ikirushwa hutapakaa, haichagui herufi. Hii imebonyezwa. Mtu alimuumiza Pengwini kwanza, akaandika kitu kwa vidole vyenye damu, ndipo akavunja kila kitu. Huyo Baba Pacha wako anajua kompyuta?"

Sajini alikuna shingo. "Sijamuuliza."

*

Baba Pacha alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, pingu mkononi, macho mekundu kama mtu aliyechomelea bila miwani. Alikuwa mkubwa, na aibu ilimfanya ajikunje.

"Ulimpiga?" aliuliza Inspekta.

"Nilimpiga. Ngumi mbili za mdomo. Damu hiyo hapo kwenye shati ni ya mdomo wake."

"Na nondo?"

"Niliinua. Haki ya nani, niliinua. Akanitazama tu. Akasema, 'Baba Pacha, nipige, lakini mashine haikujiwasha. Kuna mtu alizima jicho lake, na jina la mtu huyo limeandikwa. Jumatatu anakuja mkaguzi wa usalama kazini, nitalitoa mbele yake.' Mlinzi akanishika kiunoni, akanivuta nje. Nondo ikabaki mlangoni pale."

"Jicho gani?"

"Sijui. Mimi nilipofika uani nilipiga kelele. Nilisema, 'Sikieni huyu mwongo, eti kuna jina, eti jina limeandikwa kwenye kompyuta!' Wote wakasikia."

"Wote nani?"

"Wote, afande. Wapiga chapa, dereva, msimamizi, hata mzee mwenye kiwanda. Ilikuwa mapumziko."

Inspekta alifungua kitabu cha getini alichokuja nacho. Mlinzi alikuwa ameandika: Baba Pacha ametolewa saa sita na robo. Daktari wa polisi alikuwa amekadiria kifo karibu na saa saba kasoro.

"Unatumia kompyuta?"

"Mimi?" Baba Pacha alicheka kicheko kikavu. "Simu yangu yenyewe natafutiwa namba na wanangu, na wana miaka sita."

"Angeweza kuruka ukuta akarudi," alinong'ona Sajini walipotoka nje ya chumba.

"Angeweza. Na angempasua kichwa, akaenda zake. Mtu mwenye hasira za mke hakai kuvunja kidole kimoja kimoja. Yule alikuwa anauliza swali, Sajini. Alivunja cha kwanza akauliza, akavunja cha pili akauliza."

*

Mwenye kiwanda alikuwa mzee mwenye suti iliyomzidi. Msimamizi wa kiwanda alisimama nyuma ya kiti chake, mrefu, mtanashati, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa juu ya kelele za mitambo. Shati lake jeupe lilikuwa bado na mistari ya kukunjwa ya dukani.

"Shati zuri," alisema Inspekta.

"Kuna harusi ya binamu yangu jioni. Ingawa kwa hali hii, nani atacheza?"

"Jicho la mashine ya kukata ni nini?"

Mzee alijibu kabla ya msimamizi. "Ni kifaa cha usalama. Mkono ukipita chini ya kisu, jicho linauona, mashine inasimama. Hata kipande cha karatasi kikipita vibaya, inasimama."

"Inachelewesha kazi?"

"Kidogo," alisema msimamizi. "Lakini tatizo halikuwa jicho, afande. Tatizo ni hiyo Linux yake. Kitu cha bure, kimeandikwa na watu wasiojulikana huko na huko. Nilimwambia mzee tangu zamani, cha bure hakina mwenyewe wa kumlaumu."

"Pengwini alisema kinyume chake," mzee alisema polepole. "Alisema kwa sababu iko wazi, kila mtu anaweza kuikagua, na kila kitu kinaandikwa. Nani ameingia, saa ngapi, amefanya nini. Alikuwa mkali huyo! Hakuna kutumia akaunti ya mwenzako. Hakuna kufanya kazi za kila siku kwa akaunti kuu. Masasisho kila Ijumaa, na kabla ya masasisho, nakala. Alinichosha na nakala zake."

"Nakala zilikaa wapi?" Inspekta aliuliza, na baadaye angejilaumu kwa kuuliza hapo, mbele ya masikio yale.

"Moja hapa. Nyingine kwa dada yake, fundi cherehani wa karibu na kituo cha mafuta. Alisema nakala ikikaa nyumba moja na mashine, moto ukija zinaungua pamoja. Ile kumbukumbu ya nani ameingia inakwenda kwake papo hapo, mstari kwa mstari."

Msimamizi alitazama saa yake. "Naomba niwaage wafanyakazi, mzee. Wako getini wanalia."

Akatoka taratibu. Inspekta aliinuka, akalifunga daftari lake. Alimwacha Sajini alinde chumba cha kompyuta, akaenda kwa dada huyo kwa miguu.

*

Duka la dada lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao wazi, cherehani mbili, pasi ya mvuke ya umeme iliyowaka, na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Chini ya meza, nyuma ya marobota, taa ndogo ya kijani ya kompyuta kuukuu ilikuwa inapepesa.

Dada alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, sindano mdomoni. Alipoona kitambulisho cha polisi alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha sindano.

"Amekufa, siyo?"

Inspekta alikuwa ametengeneza maneno njiani. Yote yalipotea. "Pole sana, dada. Ameuawa."

"Nilijua. Hii mashine yake hupokea mistari kutwa nzima. Saa saba kasoro ikanyamaza. Nikampigia simu mara tisa." Alikaa sakafuni alipokuwa, pale pale juu ya vipande vya kitambaa, akafunika uso. Alilia kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kuwasumbua majirani. Inspekta alikaa sakafuni naye.

Kisha dada alijifuta kwa kanda ya kupimia, akasimama. "Umefuata kilichomo humu. Subiri. Usiguse."

Alivuta kiti, akafungua dirisha jeusi kwenye skrini, akaanza kuandika kwa vidole viwili, haraka kuliko Inspekta alivyotegemea.

"Mdogo wangu alinifundisha miaka miwili. Kwanza alisema, dada, usiingie kwa akaunti kuu, utakuja kufuta nyumba nzima kwa kukosea herufi moja. Tumia yako, ukihitaji nguvu omba ruhusa kwa amri hiyo hiyo moja, kisha rudi. Mashine ikikwama, usichomoe umeme. Soma kwanza imeandika nini, ndipo uizime vizuri. Na nafasi ya diski, tazama kila wiki, maana ikijaa inaacha kuandika na hutajua." Alichomeka kidude cha kuhifadhia kumbukumbu. "Na ukitaka kusoma kitu muhimu, kinakili kwanza. Usisome cha asili."

Alisubiri mpaka kunakili kukaisha, akachomoa kidude, akakifungua na kukihakikisha kwenye simu yake kwa waya. "Nakala ambayo hujaifungua si nakala. Hilo pia lake." Akakitia mfukoni mwa aproni. Ndipo akafungua mistari.

Walirudi nyuma siku kumi na moja. Saa mbili na dakika hamsini na mbili asubuhi, akaunti ya msimamizi: jicho la mashine ya kukata limezimwa. Saa tatu na dakika kumi na tano: mashine imesimamishwa kwa kitufe cha dharura. Saa tatu na dakika ishirini na moja, akaunti ya msimamizi: jicho limewashwa.

"Huo ndio mkono wa Mama Pacha," alisema Inspekta. "Alikuwa anatokwa damu sakafuni, na yeye akaenda kuwasha jicho. Mtu mwingine angeweza kuitumia akaunti yake?"

"Kama anajua neno lake la siri. Lakini tazama, alilibadilisha siku ile ile mchana. Baada ya hapo ni yeye peke yake."

"Sasa leo."

Dada aliteremsha mistari. Saa sita na dakika thelathini na tatu, akaunti ya msimamizi inajaribu kufuta kumbukumbu za tarehe ile. Imekataliwa: huna ruhusa. Saa sita na dakika thelathini na nne, kutoka akaunti hiyo hiyo, ombi la kuingia akaunti kuu: neno la siri si sahihi. Dakika thelathini na sita: si sahihi. Dakika thelathini na tisa: si sahihi. Dakika arobaini na moja: limekubaliwa. Kumbukumbu zote zimefutwa. Baada ya hapo, hakuna tena kitu.

Dada alikunja uso. "Mara tatu amekosea. Mbona mdogo wangu hakuwahi kukosea neno lake..."

Inspekta hakutaka kusema, lakini mwanamke yule alikuwa akimtazama machoni. "Alivunjwa vidole vitatu, dada."

Dada alirudi kwenye skrini, akahesabu makosa kwa kidole.

"Alimpa la uongo," alisema dada. "Kila akivunjwa, anampa la uongo. Anajua kila kosa linaandikwa hapa kwangu, na jina la yule mtu na saa. Alikuwa anamwandikisha." Aliweka kiganja juu ya skrini, juu ya mistari ile mitatu. "Ya nne akampa la kweli. Akajua nimeshapata mistari yote."

Inspekta alikuwa tayari na simu sikioni. "Sajini, mkamate msimamizi. Sasa hivi."

"Hayupo, afande. Ametoka na pikipiki dakika chache zilizopita."

Nje ya duka, pikipiki ilizima.

*

Msimamizi aliingia na spana ya mtambo wa kuchapia, ndefu kama mkono wa mtu. Mashine aliiona kabla ya kuwaona wao. Inspekta alisimama katikati, mikono mitupu. Bastola yake ilikuwa kwenye kabati la kituo, kwa kuwa Jumamosi ile alikuwa amekwenda kutazama maiti, hakwenda kupigana.

"Weka chini. Kituo kizima kinajua uko wapi."

"Kinajua nini? Hakuna kitu mpaka hiyo iwepo."

Spana ilikuja kwa kichwa chake. Aliinua mkono wa kushoto, akasikia mfupa ukikatika kabla hajasikia maumivu. Alianguka juu ya cherehani, ikaanguka naye. Msimamizi alimpita. Alipiga skrini, akainama, akaipiga kompyuta chini ya meza mara moja, mara mbili, mara sita, akihema, mpaka taa ya kijani ikazimika na vipande vikaruka hadi ukutani.

"Iko wapi nyingine?" alimgeukia dada. "Wewe ndugu yake. Iko nyingine?"

"Ipo," alisema dada.

Alimkamata koo kwa mkono mmoja, akambana ukutani. "Wapi? Nilimuuliza mdogo wako vizuri mwanzoni. Muulize alivyonijibu!"

Inspekta, sakafuni, aliyasikia maneno hayo wazi. Alimrukia mguuni, akamng'ata nyuma ya goti kupitia suruali mpaka akaonja damu. Msimamizi aliguna, akampiga teke la mbavu, na katika kugeuka kule alimlegeza dada.

Dada hakukimbia. Aliichukua pasi kwa mpini, akaibandika ubavuni mwa uso wa msimamizi, kuanzia sikio hadi taya, akaiegemea kwa uzito wake wote. Ngozi ilitoa mlio wa kukaangwa. Msimamizi alipiga ukelele, spana ikamtoka, akapiga magoti akijishika uso, na dada akainua pasi tena, juu kabisa, upande wa ncha.

"Dada!" alipaza sauti Inspekta. "Usimuue!"

"Yeye alimwacha wangu?"

"Hakumwacha. Lakini nikimpeleka akiwa hai atasimama mbele ya watu, mistari ile itasomwa yote, na kila mtu atajua mdogo wako alifanya nini leo. Ukimuua, itasomwa habari yako."

Pasi ilibaki juu. Maji ya moto yakadondoka kwenye shati jipya, tone kwa tone. Kisha akaiweka juu ya meza, mahali pake, akaichomoa umeme.

Inspekta alitambaa, akamfunga msimamizi pingu kwa mkono mmoja na meno. Sajini alipofika na wenzake, alimkuta amekaa juu ya mgongo wa mtu, mkono wake umening'inia, na dada amekaa kwenye kiti, kidude cha nakala kiganjani, akikitazama.

*

Hospitalini walimfunga Inspekta plasta saa kumi na moja. Muuguzi alimwambia apumzike. Badala yake alipanda ghorofa ya pili, wodi ya wanawake waliofanyiwa upasuaji, ambako Baba Pacha, aliyeachiwa nusu saa kabla, alikuwa amesimama nje ya mlango akishindwa kuingia.

"Sijamwambia," alisema. "Nimemwambia Pengwini amekufa tu. Mengine nimeshindwa. Utamwambia wewe?"

Mama Pacha alikuwa amekaa kitandani, mkono uliobaki juu ya shuka, ule mwingine bandeji nene iliyoishia mapema. Inspekta alimweleza yote bila kuzunguka: nani alizima jicho ili kazi iende haraka, saa ngapi, na nani aliwasha jicho wakati yeye akitokwa damu. Alimweleza jinsi Pengwini alivyokufa. Vidole hakuvificha.

Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuja hapa Jumatano," alisema. "Alisimama hapo ulipo. Aliniambia, 'Shemeji, nipe mpaka Jumatatu.' Nikamwambia mashine yako imekula mkono wangu, sasa umefuata nini, ule mwingine? Nikamrushia kikombe. Kikampata hapa." Aligusa paji la uso wake. "Akakiokota. Akakiosha pale kwenye sinki, akakirudisha mezani, akaenda."

Baba Pacha alikuwa ameingia, akasimama miguuni mwa kitanda bila kunyanyua uso.

"Anazikwa lini?" aliuliza mke wake.

"Kesho saa nane," alisema Inspekta. "Dada yake ameamua hivyo."

"Daktari amesema nisitoke mpaka Alhamisi."

"Ndiyo."

Mama Pacha alifunua shuka, akateremsha miguu sakafuni, akatafuta viatu kwa vidole vya miguu.

"Baba Pacha," alisema, "nenda nyumbani ukaniletee gauni jeusi. Na wewe, afande, kesho uje mapema. Siwezi kufunga vifungo mwenyewe, na huyu mikono yake ni ya vyuma."